Buni, Kabla Haijawa Kahawa

Mtafsiri anayeshughulikia maelezo ya mashine ndogo ya kukaangia kahawa nyumbani hunaswa na kishawishi kimoja mapema: kuandika «kahawa ya kijani». Mpe mkulima wa Marangu maelezo hayo asome. Kwake kahawa ya kijani ni tunda ambalo halijaiva, lile asilotakiwa kulichuma kwa sababu linaharibu ladha ya mavuno yote. Mtafsiri alikusudia punje iliyokwisha kumenywa, kulowekwa, kuoshwa, kuanikwa na kukobolewa. «Kahawa mbichi» nayo haiokoi jahazi, kwani mbichi ni kisichoiva mtini na pia kisichoiva motoni.

Punje hiyo ina jina tangu zamani: buni. Limetokana na Kiarabu, bunn, kama kahawa ilivyotokana na qahwa, na huko nako maneno hayo mawili yamegawana kazi, moja punje na la pili kinywaji. Mti ukaitwa mbuni, kama mwembe unaozaa embe. Kwamba mbuni ni ndege pia, tena mkubwa asiyeruka, hakujawahi kumpoteza mkulima njia.

Kenya neno limeshika njia yake. Kwenye biashara ya kahawa huko, mbuni si mti, ni kahawa iliyokaushwa na tunda lake zima bila kumenywa, na ina madaraja yake: MH kwa nzito, ML kwa nyepesi. Upande wa Tanzania, Kagera wanaiita kahawa ya maganda. Anayewaandikia wasomaji wa pande zote mbili za mpaka wa Namanga hana budi kueleza anakusudia mbuni upi.

Haja ya neno buni huonekana zaidi kwa mwenye mibuni michache nyuma ya nyumba, pengine chini ya migomba. Mti humsubirisha miaka 3 au 4 kabla ya kuzaa, na kilo 5 au 6 za matunda mekundu humpa takriban kilo 1 tu ya buni. Akishatwanga kwenye kinu na kupepeta, anabandika kikaango kikavu kwenye moto wa wastani, na mwiko hautulii. Buni hugeuka manjano na kunuka nyasi kavu, kisha hushika rangi ya hudhurungi huku makapi yakipeperuka. Joto la punje likikaribia nyuzi 200 za Sentigredi, mvuke na gesi zilizobanwa ndani huipasua, ta! ta!, kama bisi zinazoanza kuruka. Wakaangaji hupima kazi yao kwa mlio huo, na «mpasuko wa kwanza» ni istilahi inayoutosha. Anayeipua kabla yake atakunywa maji yenye ladha ya nyasi. Anayeuvuka kwa mbali atapata weusi, uchungu na mafuta juu ya punje.

Kilo ya buni hutoka kikaangoni ikiwa gramu 850 hivi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kilichopotea ni maji. Uhifadhi nao hubadilika. Buni iliyokauka vizuri hukaa miezi mingi mahali pakavu bila kudhurika, ilhali iliyokaangwa huanza kupoteza harufu baada ya wiki chache. Mfuko ulioandikwa «kahawa» tu haumwelezi mnunuzi kama akifika nyumbani atahitaji kikaango au birika.