Fahali Wawili na Zizi Moja: Kiti cha Bondo na Uchaguzi wa Juni 1966

Mwanachama atakayekifungua kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu atatazamia kukuta humo habari za mazao, maghala, mizani na mikopo. Huenda akashangaa kukuta pia habari za Bunge. Lakini sisi wakulima wa ushirika tunayo sababu ya kuzijua. Kila mwaka twakutana katika mkutano mkuu, twachagua wajumbe, na mara kwa mara mjumbe mmoja huondoka kabla ya wakati wake na kuacha kiti kitupu. Ndipo huzuka swali: je, kiti kile ni mali ya nani? Ni cha yule aliyekikalia, ni cha kundi lililomdhamini, au ni cha wale waliomtuma? Swali hilo liliulizwa nchini Kenya mwaka 1966, na jibu lililotolewa liliacha alama katika nchi kwa muda mrefu.

Mtu aliyelisababisha swali hilo ni Bwana Jaramogi Oginga Odinga. Yeye alikuwa mzaliwa wa Bondo, katika nchi ya Nyanza karibu na ziwa. Alisoma Maseno, Alliance na Makerere, kisha akawa mwalimu. Mwaka 1947 aliongoza katika kuanzisha shirika lililoitwa Luo Thrift and Trading Corporation, ambalo lilikusanya mtaji wake kwa kuuza hisa kwa watu wa kawaida. Makusudio yake yalikuwa kuonyesha kwamba Mwafrika aweza kuendesha biashara kwa fedha zake mwenyewe, bila kungoja hisani ya mtu. Kazi ya kuuza hisa ilimpeleka kwa watu wengi, nao wakamjua kabla hajaomba kura hata moja. Kwa hiyo, mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Bwana Odinga alisimama Nyanza ya Kati akamshinda Bwana B. A. Ohanga, ambaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa uwaziri na Serikali ya kikoloni. Waafrika wanane ndio walioingia Barazani mwaka ule.

Mwaka uliofuata, yaani 1958, Bwana Odinga alisimama Barazani akatamka kwamba Bwana Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio waliokuwa bado viongozi wa kweli wa watu. Wakati ule kulitaja jina hilo kwa heshima mbele ya watawala lilikuwa jambo la hatari, na hata baadhi ya wajumbe wenzake walishtuka. Chama cha KANU kilipoundwa mwaka 1960, yeye alikuwa Makamu wa Rais wa chama. Mwaka 1963 wapiga kura wa Bondo walimpeleka katika Baraza la Wawakilishi, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Na Kenya ilipokuwa Jamhuri mwezi wa Desemba 1964, Rais Kenyatta alimfanya kuwa Makamu wa Rais wa nchi.

Wahenga walisema, fahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo tungekosea kudhani kwamba ugomvi uliofuata ulikuwa wa watu wawili tu. Ulikuwa ugomvi wa mawazo, na wazo lililokuwa zito kuliko yote lilihusu ardhi. Serikali ilikuwa ikinunua mashamba ya Wazungu na kuwakalisha wakulima Waafrika katika skimu za makazi, na mkulima aliyepewa shamba alitakiwa kulipa deni lake kidogo kidogo. Upande mmoja ulisema kwamba hiyo ndiyo njia ya amani, na kwamba nchi isiyoheshimu hati ya mali itakosa mitaji. Upande wa pili uliuliza kwa nini mtu ailipie ardhi ambayo baba yake alinyang'anywa, na kwa nini walio na vyeo wapate mashamba makubwa hali maskini hawana hata robo ekari. Zaidi ya hayo, kulikuwa na mabishano juu ya urafiki na nchi za Mashariki na za Magharibi, kwa maana siku zile dunia ilikuwa imegawanyika pande mbili.

Katika jambo hili la ardhi sauti iliyosikika sana ilikuwa ya Bwana Bildad Kaggia, Mbunge wa Kandara, aliyehukumiwa pamoja na Bwana Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Mwaka 1964 Bwana Kaggia aliondolewa katika kazi ya Waziri Mdogo wa Elimu kwa sababu hakukubali kunyamaza juu ya watu wasio na ardhi. Mwaka 1965 Rais alimkabili hadharani huko Kandara, akamwuliza amejifanyia nini yeye mwenyewe, kwa kuwa wenzake waliofungwa pamoja naye walikwisha kujipatia mashamba na mali. Mkulima aweza kulitafakari swali hilo kwa njia mbili: laweza kuwa aibu kwa mtu asiyejitajirisha, na laweza pia kuwa sifa kwake.

Mwezi wa Machi 1966 KANU ilifanya mkutano wa wajumbe huko Limuru. Hapo cheo kimoja cha Makamu wa Rais wa chama kilifutwa, na badala yake wakachaguliwa makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa na mmoja kwa Nairobi. Bwana Odinga aliona wazi kwamba mlango umefungwa. Tarehe 14 Aprili 1966 alijiuzulu umakamu wa Rais wa nchi, akatoka KANU, akawa kiongozi wa chama kipya cha KPU. Bwana Kaggia alikuwa naibu wake. Bwana Achieng Oneko, ambaye alikuwa Waziri wa Habari, naye aliacha uwaziri wake akawafuata. Wajumbe wengine wa Baraza la Wawakilishi na wa Seneti wakavuka pamoja nao.

Serikali haikungoja. Kabla ya mwezi wa Aprili kwisha, Katiba ilibadilishwa kwa haraka, ikawekwa sheria kwamba mjumbe aliyechaguliwa kwa udhamini wa chama fulani akikihama chama hicho, kiti chake huwa wazi naye hana budi kurudi kwa wapiga kura. Wajumbe kadhaa walipoona hivyo walijaribu kurudi KANU, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Hivyo vikawa wazi viti 29 kwa mara moja, 19 vya Baraza la Wawakilishi na 10 vya Seneti. Kwa sababu ya wingi wake, chaguzi hizo ndogo ziliitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo.

Hapa yafaa tutulie kidogo tupime kwa haki. Kanuni yenyewe haikuwa mbaya. Mtu akiomba kura chini ya bendera moja, kisha akaibadili bendera, si vibaya kuwauliza waliompa kura kama bado wanamtaka. Lakini mwaka 1964 wajumbe wa chama cha KADU walikuwa wamevuka kuingia KANU, wengine kabla chama chao hakijavunjwa, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa arudi kwa wapiga kura. Basi sheria iliyolala wakati watu walipovuka kwenda upande wa Serikali iliamka siku walipovuka kutoka. Mizani ni njema, lakini ikipima magunia ya mtu mmoja na kuyaacha ya mwingine, mkulima hataiamini tena.

Uchaguzi ulifanyika mwezi wa Juni 1966. KANU ilikuwa na alama ya jogoo, na KPU ikachagua alama ya fahali. Mapambano hayakuwa sawa, kwa maana chama kipya kilipata taabu kupewa vibali vya mikutano, hakikuwa na muda wa kujenga matawi, na maofisa wa Serikali hawakuficha upande walioupendelea. KPU iliahidi ardhi kwa wasio nayo. KANU ilijibu kwamba hakuna kitu cha bure, na kwamba wale waliotoka walikuwa wakitaka kuigawanya nchi iliyopata uhuru juzi tu.

Matokeo yalikuwa ya namna mbili. Kwa hesabu ya viti, KANU ilishinda, kwani KPU ilipata viti 9 tu, 7 katika Baraza la Wawakilishi na 2 katika Seneti. Lakini kwa hesabu ya kura zote zilizopigwa kwa Baraza la Wawakilishi, KPU ilipata nyingi zaidi. Sababu yake ni kwamba kura zake zilirundikana mahali pamoja, hasa Nyanza ya Kati, na mahali pengine zilitawanyika zisitoshe. Bondo ilimrudisha Bwana Odinga kwa kura nyingi sana. Kandara ilimwangusha Bwana Kaggia, na Nakuru ikamwangusha Bwana Oneko. Hivyo chama kilichotaka kusema kwa ajili ya maskini wa nchi nzima kilijikuta kimebaki na nguvu katika sehemu moja tu, na tangu siku hiyo watu wakaanza kukihesabu kuwa chama cha kabila moja. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya uchaguzi ule. Hoja ya ardhi, iliyomhusu mkulima wa kila mkoa, ilifunikwa na hesabu ya makabila.

Bwana Odinga aliketi Bungeni upande wa upinzani kwa miaka mitatu. Mwezi wa Julai 1969 Waziri Tom Mboya aliuawa kwa risasi katika barabara ya Nairobi, na nchi ikajaa hasira. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo Rais alikwenda Kisumu kufungua hospitali, kukatokea ghasia, na watu wakapigwa risasi wakafa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Bwana Odinga akawekwa kizuizini mpaka mwaka 1971. Hivyo safari hii aliondoka Bungeni bila kura ya mtu yeyote, na Bondo haikuulizwa neno. Uchaguzi mkuu wa mwaka 1969 ulifanywa na chama kimoja tu, hali yeye yuko ndani.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alimteua kuwa mwenyekiti wa bodi ya uuzaji wa pamba, na wakulima wengi wa Nyanza wakafurahi kumwona mzee tena katika kazi. Mwaka 1981 Mbunge wa Bondo, Bwana Hezekiah Ougo, alikiacha kiti chake ili mzee akigombee. Lakini maneno aliyoyasema Mombasa juu ya Hayati Rais Kenyatta na jambo la ardhi yaliwaudhi wakuu. KANU ikamnyima ruhusa ya kusimama, na uenyekiti wa bodi ya pamba nao ukamtoka. Alirudi Bungeni mwaka 1992, baada ya vyama vingi kuruhusiwa tena, akiwa Mbunge wa Bondo kwa chama cha FORD-Kenya. Alifariki dunia tarehe 20 Januari 1994 angali Mbunge. Uchaguzi mdogo ukafanywa tena Bondo, na kiti kikaenda kwa mwanawe, Bwana Oburu Oginga. Bwana Kaggia kwa upande wake aliendesha kinu cha kusaga mahindi baada ya siasa, akafariki mwaka 2005.

Ile kanuni ya mwaka 1966 haikufa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba mbunge akijiuzulu chama kilichompeleka Bungeni hupoteza kiti chake, na imeongeza jambo jingine, yaani haki ya wapiga kura kumwita mbunge wao arudi kabla ya muda wake kwisha. Huko Tanzania nako, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, kiti chake huwa wazi.

Wanachama wapendwa, historia hii yatupa la kujifunza katika ushirika wetu. Katika chama cha ushirika mwenye gunia moja na mwenye magunia mia wana kura moja moja, na mkutano mkuu ndio wenye neno la mwisho. Mjumbe akiondoka, kwa hiari au kwa lazima, kiti kirudishwe kwa wenyewe, na upesi. Kanuni ya kumwondoa iwe imeandikwa kabla ya ugomvi, isitungwe siku ya ugomvi ili kumlenga mtu. Aliyeshindwa aruhusiwe kusema katika mkutano ujao, kwa sababu hoja yake yaweza kuwa ya kweli ingawa kura zake hazikutosha. Na tunapohesabu kura tusiangalie mtu ametoka kijiji gani, bali tuangalie alilolisema.

Mwaka 1966 zizi moja lilishindwa kuwaweka fahali wawili, na aliyebaki bila majani ni ndama. Ushirika wetu umetimiza miaka kumi kwa kuwa mlango wake wa kuingilia na wa kutokea umekuwa mikononi mwa wanachama wenyewe. Tuulinde ubaki hivyo.