Sahani Sita za Ukutani

Nyumba yangu ya kwanza nilikabidhiwa mwezi Januari 1974, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma. Ilikuwa na vyumba viwili na sebule, kuta za udongo, paa la bati na sakafu ya vumbi. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu mwaka uliotangulia nikiwa na cheti na sanduku la bati. Niliipaka chokaa kwa mikono yangu mwenyewe. Niliweka kitanda cha kamba, meza moja, vigoda vitatu alivyonichongea fundi wa pale kijijini, na taa ya chemli. Ukutani nilitundika picha ya Rais, kalenda na kile cheti changu. Kisha nikasimama mlangoni, nikaona nyumba imekamilika.

Miezi miwili baadaye nilioa. Mke wangu, mzaliwa wa Bagamoyo, aliteremka kwenye treni ya bara na mikeka miwili ya ukindu, khanga za kukata mapazia, na kapu alilokuwa amelipakata safari nzima. Ndani ya kapu mlikuwa na sahani sita alizorithi kwa bibi yake, nyeupe, zenye maua ya rangi. Kila moja ilikuwa imetobolewa vitundu viwili kwenye kitako, vya kupitishia uzi. Hata kabla hajakaa aliniomba misumari.

Nilipomuuliza tutalia nini ikiwa sahani zote zitakwenda ukutani, alinijibu, "Mwalimu, hizi si za kulia. Hizi ni za nyumba."

Zilikaa ukutani siku tisa. Msomaji ambaye hakuishi miaka ile huenda asielewe kilichonisumbua. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetufunza sisi vijana kuchukia kila kilichonuka ubwanyenye. Isitoshe, wazazi wa wanafunzi wangu walikuwa wamehamishiwa kijijini pale na Operesheni Dodoma, iliyoanza 1971, wakaacha nyuma tembe zao za tangu enzi za babu zao. Wazazi hao waliingia sebuleni kwangu kuulizia habari za watoto. Niliona aibu wakute kwa mwalimu sahani ambazo hazilii mtu. Nikamwambia mke wangu azishushe. Alizishusha bila neno, akazifunga katika khanga kuukuu, akazitia ndani ya lile sanduku langu la bati.

Sikuwa mwongo katika hoja yangu, na hata leo naiheshimu. Lakini nilikuwa mjinga. Mwaka ule ule nilikuwa nikifundisha historia ya pwani: Kilwa, aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331, na biashara ya dhahabu, pembe na vyombo vya kauri kutoka China. Niliwaeleza watoto pia urafiki mpya wa nchi yetu na China, maana wakati huo Reli ya Uhuru ilikuwa ikijengwa. Yote hayo niliyasema kwa fahari, kisha nikarudi nyumbani kwenye ukuta mtupu.

Mwaka 1979 nilihamishwa shule. Sanduku lilipakiwa kwenye lori chini ya magunia, na tulipolifungua sahani tatu zilikuwa vipande. Mke wangu aliviokota kimoja kimoja. Nami nilijishughulisha na kufunga kitanda.

Ilinichukua miaka saba zaidi kuelewa. Mwaka 1986, nikiwa Bagamoyo kwa msiba wa mkwe wangu, nilikwenda kwa miguu hadi Kaole kuyaona magofu niliyokuwa nikiyafundisha kitabuni. Pale pana misikiti miwili iliyobomoka na makaburi ya mawe ya matumbawe. Mzee aliyenisindikiza alinionyesha mashimo ya duara katika kaburi moja, akasema humo mlikuwa na bakuli za China. Niliweka kiganja changu ndani ya shimo moja. Lilikuwa na ukubwa wa sahani.

Baadaye nilisoma zaidi. Makaburi ya Kunduchi nayo yalipambwa kwa sahani. Kule Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, bakuli ziliwekwa katika kibla cha msikiti. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, chumba cha ndani kilijengwa ukuta mzima wa zidaka, na humo wenye nyumba walipanga vyombo vyao vya kauri. Meli zilipoanza kuleta vyombo vya viwanda vya Ulaya katika karne ya 19, watu wa pwani walivipokea wakavitundika vile vile. Sahani za mke wangu zimepigwa mhuri wa Maastricht, mji wa Uholanzi. Chombo kilibadilika, desturi ikabaki. Na walioishika hawakuwa masultani peke yao, bali pia mabibi wa kawaida, kwa uzi na misumari.

Niliporudi nyumbani nilinunua misumari mitatu. Mke wangu aliniangalia nikipiga nyundo, akasema, "Ya kulia umeipanda juu mno, Mwalimu." Sikuwahi kumwomba radhi kwa maneno, na sasa nafasi hiyo sinayo, kwani alifariki mwaka 2011.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaandikisha watoto ubaoni methali ya "mwacha asili ni mtumwa." Sikudhani inaweza kumhusu aliyeshika chaki. Vijana wanaoanza nyumba huniomba ushauri juu ya viti na makabati, nami nina mmoja tu. Mwenzako akiingia na kitu usichokielewa, kabla hujakiondoa muulize kilitoka kwa nani.

Sahani tatu zipo bado. Ile ya kulia bado imepanda.