Azimio la Musoma na Lango la Chuo Kikuu

Mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma, mji ambako Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, alianza masomo katika Shule ya Mwisenge mwaka 1934. Azimio lililopitishwa hapo linakumbukwa zaidi kwa kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo lengo lake lilisogezwa kutoka 1989 hadi 1977. Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kikuu pekee nchini wakati huo, azimio hilo lilibadilisha masharti ya kuingia.

Mgogoro wa Oktoba 1966 ulikuwa umekwishaonyesha umbali kati ya wasomi na Serikali. Sheria mpya iliwataka wahitimu kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kufanya kazi kwa miezi 18 wakilipwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa na mabango, na moja lilisema kwamba afadhali enzi za ukoloni. Nyerere aliwafukuza wanafunzi karibu 400, akapunguza pia mshahara wake kwa asilimia 20. Chuo kilijibu kwa kujadiliana hadharani: Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha kutangaza siasa ya ujamaa, kiliitisha mkutano kuhusu wajibu wake katika nchi ya kijamaa. Mitaala ilianza kupitiwa upya, na wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadaye.

Azimio la Musoma lilikwenda mbali zaidi. Kufaulu mtihani wa kidato cha sita hakukutosha tena kumpa mtu nafasi. Mwombaji alitakiwa kwanza kumaliza Jeshi la Kujenga Taifa, kufanya kazi kwa takriban miaka miwili, kisha kuleta mapendekezo ya mwajiri na tawi la chama. Nia ilikuwa kumpata msomi aliyekwishaijua kazi na kuishi na wafanyakazi wenzake kabla ya kupewa shahada.

Chuo kilitii, na utekelezaji wenyewe ukaonyesha kasoro. Idadi ya wanawake ilishuka, kwa kuwa miaka ya kusubiri ndiyo iliyokuwa miaka ya kuolewa na kulea watoto. Fani za sayansi na uhandisi zilikosa waombaji wa kutosha, maana hesabu isipofanyiwa mazoezi husahaulika upesi. Masharti yakalegezwa hatua kwa hatua: wanawake waliruhusiwa kuingia moja kwa moja kuanzia 1976, baadaye fani kadhaa za sayansi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 utaratibu wa kuingia moja kwa moja ulikuwa umerejea.

Mvutano wa hadharani haukukoma. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi, na mamia wakafukuzwa. Mei 1990, katika mgogoro mwingine, chuo kilifungwa hadi Januari 1991. Katika migogoro hiyo, amri ilitoka juu haraka na kuwaadhibu wengi kwa pamoja. Suala la masharti ya kuingia lilikwenda njia nyingine: sera ilitekelezwa, madhara yake yakaonekana madarasani, na kanuni zikarekebishwa. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyorudisha wanawake na wanasayansi chuoni bila kumfukuza mwanafunzi hata mmoja.