Kuhasi na gharama za kutunza mbwa (Kalengera)

Kalengera ni kijiji cha eneo la Rutshuru, Kivu Kaskazini, kwenye barabara ya Goma–Rutshuru, jirani na Rumangabo yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Virunga. Mbwa wa hapa hulinda nyumba, mbuzi na shamba. Hula makombo, huzurura, huzaa bila mpango: jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka na hubeba mimba kama siku 63.

Rumangabo kuna mbwa wenye maisha mengine kabisa. Tangu 2011 hifadhi hufuga mbwa wa kunusa, waliofunzwa kwa msaada wa daktari wa wanyama Mswisi, Marlene Zähner, kufuata nyayo za majangili. Hao wana mabanda na matibabu, na bili zao hulipwa na hifadhi na wafadhili wake. Wa kijijini hutegemea mfuko wa mwenye nyumba, ambao kwanza una karo na mbegu za kununua.

Kuhasi si jambo geni kwa wafugaji. Fahali huhasiwa kwa koleo, bila kupasuliwa. Mbwa huhitaji upasuaji na dawa ya usingizi. Dume huondolewa korodani. Jike hufunguliwa tumbo, akatolewa ovari na mara nyingi mji wa mimba pia, kisha hutunzwa siku 10 hadi 14 mpaka nyuzi zitoke. Jike basi ni ghali zaidi, na bahati mbaya ndiye wa kuanza naye, kwa kuwa dume mmoja aliyesalia huwatosha majike wengi.

Madaktari wa wanyama hufunzwa Butembo, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, na Lubumbashi. Lakini kuwafikia au kuwalipa kumekuwa kugumu: kundi la waasi la M23 liliishika sehemu hii ya barabara mwishoni mwa 2022, na lilipoingia Goma Januari 2025, benki za mji zilifungwa pamoja na uwanja wa ndege. Hata mwenye akiba alikwama.

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani. Kuhasi peke yake hakukizuii. Kinachokizuia ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Ila mbwa wa vijijini hawaishi sana, na kila uzao wa watoto wasiochanjwa huishusha asilimia hiyo. Hapo ndipo kisu kinaposaidia sindano.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kumtibu mtu aliyeumwa na mbwa hugharimu wastani wa dola 108, nauli na kipato kilichopotea vikiwemo. Kumchanja mbwa ni nafuu mno, na hata jokofu si kikwazo kikubwa kama ilivyodhaniwa: utafiti wa Tanzania uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa chanjo ya Nobivac Rabies iliyokaa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25 bado iliwakinga mbwa.