Muuguzi aliyeingia kiwandani

Mwaka 1878, kiwanda cha haradali cha Colman mjini Norwich, Uingereza, kilimwajiri Philippa Flowerday, muuguzi aliyesomea kazi yake katika hospitali ya mji huohuo. Asubuhi alimsaidia daktari kwenye zahanati ya kiwanda. Mchana alizunguka majumbani kuwaona wafanyakazi waliolala wagonjwa na jamaa zao. Historia ya uuguzi inamtaja miongoni mwa wauguzi wa mwanzo kabisa kuajiriwa na kiwanda.

Familia ya Colman ilikuwa tayari na zahanati, pamoja na shule ya watoto wa wafanyakazi. Lakini zahanati humngoja mgonjwa, muuguzi humfuata alipo. Mwaka 1895 kampuni ya marumaru ya Vermont, Marekani, nayo ikamwajiri Ada Mayo Stewart. Alizifikia familia za wachonga mawe kwa baiskeli, akihudumia wagonjwa na kuwafundisha kina mama usafi na malezi ya watoto.

Hata hivyo, kutibu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua ugonjwa umetoka wapi. Mwaka 1700, daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya mafundi na vibarua, akawahimiza madaktari wenzake wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Bila swali hilo, mfinyanzi mwenye maumivu makali ya tumbo hupewa dawa, kisha hurudishwa kwenye madini yale yale ya risasi anayopakia vyungu, ambayo ndiyo yanayomdhuru.

Uingereza iliigeuza elimu hiyo kuwa sheria. Tangu 1895 daktari alilazimika kutoa taarifa kila alipokuta mfanyakazi aliyedhurika kwa risasi. Mwaka 1898 Thomas Legge akawa daktari wa kwanza kuteuliwa mkaguzi wa afya wa viwanda. Mwaka 1900 waliripotiwa wagonjwa wa sumu ya risasi zaidi ya 1,000; miaka kumi baadaye walikuwa wamepungua kwa takriban nusu. Legge alishikilia kwamba mfanyakazi hawezi kujikinga ikiwa mwajiri hajatimiza wajibu wake kwanza: kuondoa vumbi na kuzuia mvuke wa sumu. Mwaka 1926 alijiuzulu, akipinga uamuzi wa serikali yake kutoridhia mkataba wa kimataifa kuhusu rangi zenye risasi.

Mafunzo nayo yalipanuka. Mwaka 1934 chama cha wauguzi cha Uingereza kilianzisha kozi maalumu ya wauguzi wa viwandani, kwa kuwa ujuzi wa wodini pekee haukutosha kutambua hatari iliyo kwenye mashine, kemikali au mpangilio wa zamu. Mwaka 1985 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 161 kuhusu huduma za afya kazini, unaotanguliza kinga.

Tanzania ilianzisha Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) mwaka 2001 na kutunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003. Hatua hizo ni kubwa, lakini sheria haina macho. Inahitaji mtu wa kuona kwa niaba yake. Sanduku la huduma ya kwanza ukutani hufunga jeraha lililokwisha kutokea. Muuguzi aliyefunzwa huona watu watatu wa kitengo kimoja wakikohoa, akauliza kuhusu vumbi kabla mapafu hayajaharibika. Mwajiri anayemlipa mtu huyo, akampa mafunzo na nafasi ya kusikilizwa na uongozi, analinda uhai wa watu wake na uzalishaji wake kwa pamoja.