Kalamu za Mvita na Waliozibeba

Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, aliitia Mombasa mkononi. Kabla ya hapo alikuwa amepeleka merikebu na mizinga mara kadhaa bila kuupata mji kikamilifu. Safari hii fitina ndani ya ukoo wa Mazrui, watawala wa mji, ndiyo iliyomfungulia mlango. Liwali Rashid bin Salim na wakubwa wenzake walikamatwa, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, Uajemi, na huko wakafia. Utawala wao ukakoma. Mashairi yaliyotungwa kuutetea hayakukoma. Nusu karne baadaye, bendera nyingine ikipepea juu ya Ngome ya Yesu, bado walikuwapo wazee wa Mji wa Kale walioyasema kwa moyo, ubeti kwa ubeti.

Aliyeyatunga ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyezaliwa Mombasa mnamo mwaka 1776 na kufariki mnamo 1840. Hakuwahi kuona hata ubeti wake mmoja ukipigwa chapa. Hakuwa mtawala wala hakuwa na jeshi. Alichokuwa nacho ni lugha ya Kimvita, masikio ya kusikia yanayosemwa barazani, na urafiki wa karibu na mabwana wa Kimazrui. Kwa vitu hivyo alipata nguvu ambayo watawala wa pande zote walilazimika kuihesabu.

Kabla ya Muyaka, sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili yaliyohifadhiwa ilikuwa ya dini. Hati za Pate na Lamu, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilijaa tenzi za maisha ya Mtume, kasida na mawaidha. Pate ndiko ilikotoka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, utungo unaomkumbusha msomaji jinsi majumba ya fahari yanavyogeuka magofu. Muyaka aliijua mila hiyo. Hata hivyo alilichukua shairi la mishororo minne akalipeleka sokoni, bandarini na barazani. Akatunga juu ya vita na njaa, juu ya mapenzi na wivu, juu ya marafiki waliogeuka na majirani waliofilisika. Wataalamu waliomchunguza baadaye wamemhesabu kuwa ndiye aliyelitoa shairi msikitini na kulitia katika mambo ya kila siku ya watu.

Siasa ndiyo iliyoukoleza wino wake. Miaka ya 1810 ilipoanza, Mazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate walikwenda kuipiga Lamu, wakashindwa vibaya kwenye mchanga wa Shela. Watu wa Lamu, wakiogopa kisasi, walimwita Seyyid Said awalinde. Tangu hapo pwani yote ikawa uwanja wa mvutano kati ya Maskati na Mombasa. Mwaka 1824 nahodha Mwingereza William Owen aliinua bendera ya nchi yake juu ya Mombasa kwa maombi ya Mazrui, na mwaka 1826 serikali yake ikaikataa hatua hiyo na ulinzi ukaondolewa. Katika vurugu hizo zote Muyaka alikuwa akitunga: akiwatia moyo watu wa Kongowea, yaani Mombasa, akiwakejeli maadui, akiwaonya walioanza kulegea.

Na maadui walijibu. Bwana Zahidi Mngumi, mmoja wa vigogo wa Lamu, alikuwa mwanasiasa na mtunzi pia, na tungo zilipita baina ya miji hiyo miwili pamoja na vyombo vilivyobeba nafaka na nguo. Kujibizana kulikuwa na adabu yake. Aliyerushiwa shairi alitazamiwa kulijibu kwa bahari ileile, na aliyefungiwa fumbo alitazamiwa kulifumbua, au akubali mbele ya watu kwamba ameshindwa. Kwa hiyo shairi halikusomwa kama pambo. Lilipokelewa kama waraka rasmi wenye kudai majibu, na mji mzima ukangoja kuona nani atanyamaza.

Umbo lenyewe lilisaidia. Mshororo wa shairi una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina vya kati na vya mwisho vinaufunga ubeti pande zote mbili. Aliyesikia mara mbili au tatu aliweza kuondoka nao kichwani. Katika mji ambao karatasi ilikuwa ghali na wanaosoma hati walikuwa wachache, hilo lilikuwa na uzito wake: msomaji mmoja alitosha. Akilighani shairi barazani baada ya Alasiri, magharibi lilikwishafika mitaa mingine. Mtunzi alitia wino mara moja. Kazi iliyobaki ilifanywa na ndimi za watu, na walikubali kuifanya kwa sababu maneno yale yalikuwa juu yao.

Mfano mwingine wa nguvu hiyo unatoka kaskazini zaidi, kisiwani Pate, na haukuwa wa siasa hata kidogo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyekuwa amepigana na jeshi la Seyyid Said, alikuwa mgonjwa. Alimwita binti yake, Mwana Hashima, akamtungia utendi wa beti 102: adabu, dini, namna ya kukaa na watu na namna ya kuishi na mume. Ulikuwa wosia wa mama kwa mtoto mmoja. Ila wanawake wengine wa pwani waliusikia, wakaunakili, wakauhifadhi kwa moyo, wakawafundisha binti zao. Leo wapo wasomaji wanaoyapinga mafundisho yake juu ya utii wa mke, na wapo wanaosoma ndani yake werevu wa mwanamke aliyejua nguvu za nyumba zilivyogawika. Ubishi huo wenyewe unaonyesha kwamba utendi huo bado una kazi. Maneno yaliyotungwa kando ya kitanda cha mgonjwa yangali yanawafanya watu wabishane zaidi ya miaka 160 baadaye.

Mashairi ya Muyaka yalikuwa karibu kupotea. Waliokuwa wakiyakumbuka walikuwa wanazeeka, na kila mazishi yalizika beti kadhaa. Aliyeiona hatari hiyo alikuwa mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyakusanya kutoka kwa wazee na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyekaa Mombasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na kukijua Kimvita kwa undani. Mwalimu Sikujua alifanya zaidi ya kunakili. Alieleza maneno yaliyokuwa yameanza kusahauliwa na visa vilivyozaa tungo, maana shairi la kujibizana likitengwa na kisa chake hubaki fumbo lisilo na mfumbuzi.

Hati hizo zilivuka bahari hadi London. Mwaka 1940 William Hichens alizitumia kuchapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa Nairobi kitabu kilichomrudisha Muyaka kwa wasomaji wa Afrika Mashariki pamoja na historia ya zama zake. Kati ya kifo cha mtunzi na kuchapishwa kwa diwani yake ya kwanza ikapita karne nzima. Katika karne hiyo hakuna kiwanda wala serikali iliyoyalinda mashairi yale. Yalilindwa na wapenzi wake.

Mombasa ya karne ya 20 ilikuwa na mitambo ya chapa, reli na gavana wa Kiingereza. Mtu aliyeelewa mapema kwamba kalamu sasa inahitaji sura mpya alitoka katika ukoo uleule uliong'olewa mwaka 1837: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi ambazo kila aliyepita chuoni alizisoma. Mwaka 1932 akaifuatisha na gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu.

Ujumbe wake ulichoma. Aliwaambia watu wa pwani kwamba wanapoteza ardhi na biashara zao huku wakitumia fedha kwa harusi na matanga ya kujionyesha. Aliwahimiza wasomeshe watoto, wa kike pamoja na wa kiume. Aliwakanya wanaomwiga Mzungu kwa mavazi na kumwacha kwa elimu na bidii. Maneno hayo aliyasema kama mtu wa nyumbani anayewakemea ndugu zake, na ndiyo maana hata waliochukizwa waliendelea kusoma. Mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akakaa katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1947. Makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kilichoitwa Uwongozi.

Athari yake inaonekana vizuri zaidi kwa wanafunzi wake. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu pia, alianzisha gazeti la Sauti ya Haki mwaka 1972. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, naye Kadhi Mkuu wa Kenya baadaye, alitoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, kitabu kinachopatikana katika nyumba nyingi mpaka leo. Karatasi ndogo iliyosomwa Mombasa ilikuwa imezaa waandishi.

Shairi nalo halikufa. Ahmad Nassir bin Juma Bhalo alitunga mashairi yaliyokusanywa mwaka 1971 katika Malenga wa Mvita, na tungo zake nyingine ziliimbwa na mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo, zikafika hadi kwa wasiowahi kushika diwani. Wakati huohuo kijana wa ukoo wa Ahmad Nassir, Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946 na kulelewa katika nyumba ya watunzi, alikuwa anaelekea kulipa bei ambayo Muyaka hakuilipa.

Kenya ilikuwa imepata uhuru mwaka 1963. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama cha upinzani, KPU. Katika uchaguzi wa mabaraza wa mwaka 1968, wagombea wa KPU walienguliwa kwa kisingizio cha makosa katika fomu. Abdilatif, karani kijana katika baraza la mji wa Mombasa, aliandika waraka wa kuhoji mwenendo huo na kuupa jina la swali: Kenya: Twendapi? Ulisambazwa kwa siri. Ulikuwa waraka mfupi, kwa Kiswahili cha kueleweka na kila mtu, na labda hilo ndilo lililoitisha serikali zaidi. Kitabu kinene cha Kiingereza kingewafikia wachache. Waraka huu ulisomwa na makuli, makarani na wenye maduka.

Desemba 1968 alikamatwa. Mwaka 1969 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi 18 kwa uchochezi. Upande wa serikali ukakata rufaa na kifungo kikaongezwa hadi miaka mitatu. Alikuwa na umri wa miaka 22. Alifungwa Kamiti na Shimo la Tewa, muda mwingi akiwa peke yake, bila ruhusa ya kuandika. Akaandika kwenye karatasi za chooni. Katika hali ileile akarudi kwenye silaha za kale za mji wake: mizani, vina na fumbo. Shairi lake Mamba linamzungumzia mnyama, na kila aliyeishi chini ya serikali ile alimtambua mnyama ni nani.

Aliachiwa mwaka 1972, akahamia Dar es Salaam kufanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya chuo kikuu. Mwaka 1973 mashairi ya gerezani yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Abdilatif baadaye aliishi London na kufundisha Kiswahili Leipzig, Ujerumani. Waraka uliomfunga ulikuwa wa kurasa chache tu, na swali lake bado huulizwa Kenya kila uchaguzi unapokaribia.

Ukiwaweka pamoja Muyaka, Mwana Kupona, Sheikh Al-Amin na Abdilatif, utaona walitofautiana kwa mengi: siasa, jinsia, zama, hata imani juu ya kazi ya mtunzi. Jambo moja waliliafiki wote. Kila mmoja aliwaandikia watu anaowajua, kwa lugha ya watu hao, juu ya jambo linalowauma. Wasomaji nao hawakuishia kusoma; walikariri, walinakili, walificha, walijibu, wakachapisha. Nguvu tunayoisifu kwa mwandishi nusu yake ilikuwa yao.

Kazi hiyo ya wasomaji haijamalizika. Katika nyumba za Mji wa Kale, Siyu, Lamu na Unguja, na kwa jamaa waliohamia Maskati na Ulaya, bado yamo masanduku yenye hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ambazo wajukuu hawazisomi tena. Unyevu na mchwa havingoji. Ikiwa kwenu liko sanduku kama hilo, usilitupe na usiliache likaoza: mtafute mzee anayezisoma hati hizo leo, akusomee huku ukiandika, na muulize pia kisa cha kila utungo, nani alimwandikia nani na kwa sababu gani. Mwalimu Sikujua aliwauliza wazee wake maswali hayo kwa wakati, na kwa ajili hiyo tuna Muyaka.