Mashine Ijifunzayo kwa Kosa Lake

Msomaji, wahenga walisema: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Zamani mkono wa chuma kiwandani, ukikengeuka njia yake mara ya kwanza, ulikengeuka vile vile mara ya elfu. Mwaka 1978 Masaru Uchiyama wa Japani alichapisha namna ya kuutibu. Mwaka 1984 Wajapani wenzake, Suguru Arimoto, Sadao Kawamura na Fumio Miyazaki, wakaithibitisha kwa hesabu. Mashine huhifadhi kosa la kila nukta ya kazi, kisha katika zamu ifuatayo husahihisha amri zake kwa kosa hilo, hata likawa dogo mno. Lakini kazi ikibadilika, yapasa ijifunze upya. Basi nawe usilionee haya kosa lako la jana: lihifadhi, ulipime, likufundishe leo.